DFL au Republican? Ulinganisho wa wagombea wa Bunge la Minnesota kwa mambo yanayoingia nyumbani mwetu

Nilipita kwa jirani yangu kurudisha sufuria, nikamkuta ametandaza vipeperushi viwili vya wagombea juu ya meza ya jikoni. Ni mama wa Kikongo, wa Bukavu, aliyeapishwa uraia mwaka jana. Mwaka huu ndiyo mara yake ya kwanza kupiga kura ya bunge. Kipeperushi kimoja cha bluu, kingine chekundu. Wagombea wote wawili wamepiga picha na watoto. Wote wanasema watapunguza gharama ya maisha, watalinda familia, watasimamia shule. "Kaka," akaniuliza, "sasa hawa wanatofautiana wapi?" Nikavigeuza mbele na nyuma. Kwa maandishi yale, sikuona tofauti.

Na tofauti ipo, tena kubwa. Ukitaka kuiona, achana na vipeperushi, angalia kura zilizopigwa bungeni miaka miwili: 2023 na 2025. Mwaka 2023 chama cha DFL (ndivyo Democratic wanavyoitwa hapa Minnesota tangu 1944, walipoungana na chama cha Wakulima na Wafanyakazi) kilishika Baraza la Wawakilishi, Seneti na ofisi ya gavana kwa pamoja. Wakapitisha karibu kila walichokuwa wamekiota kwa miaka mingi. Kisha uchaguzi wa Novemba 2024 ukaleta sare ya viti 67 kwa 67 katika Baraza la Wawakilishi, na mwaka 2025 bajeti haikuweza kupita bila Republican kukubali. Kwa hiyo mwaka wa kwanza unakuonyesha DFL wakiachiwa uwanja wanafanya nini. Wa pili unakuonyesha Republican wakipata nguvu ya kudai, wanadai kitu gani kwanza.

Novemba 3, 2026 viti vyote 134 vya Baraza na 67 vya Seneti vinagombewa. Asikwambie mtu kura moja haina uzito. Mwaka 2024, kule Shakopee, kiti cha wilaya ya 54A kiliamuliwa kwa tofauti ya kura zisizozidi 15, huku karatasi 20 za kura zikiwa zimepotea, mpaka jaji akaamua. Kiti kile kimoja kingegeuka, sare nzima ya bunge ingevunjika.

Bima ya afya: hapa ndipo penye kidonda

Naanza na hili kwa sababu linaonyesha vyama vyote viwili bila pazia.

Mwaka 2023 DFL walipitisha sheria ya kuwaruhusu watu wasio na karatasi za uhamiaji kujiunga na MinnesotaCare, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo. Ilianza Januari 1, 2025. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu anayefanya kazi hapa na kulipa kodi hapa akiugua anatibiwa tu, ila asipokuwa na bima atasubiri mpaka apelekwe chumba cha dharura, ambako matibabu ni ghali kuliko kliniki, na gharama ile inarudi kwa wote.

Republican walisema jimbo haliwezi kubeba mzigo huo, kwamba waliojiunga walizidi makadirio, na kwamba fedha za umma zitangulie kwa raia na wakazi halali. Walipopata nguvu ya sare mwaka 2025, hili ndilo walilolishikilia kuliko mengine yote. Juni 9, 2025, katika kikao maalumu, Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 68 dhidi ya 65 kwamba bima hiyo kwa watu wazima wasio na karatasi iishe mwisho wa mwaka huo. Watoto wakabaki.

Ile kura ya 68 ilikuwa ya Melissa Hortman, kiongozi wa DFL katika Baraza, aliyewakilisha sehemu ya Brooklyn Park hii hii yetu, mji ulio kando ya Minneapolis. Alikuwa peke yake katika chama chake upande ule wa bunge. Bila makubaliano hayo bajeti isingepita na ofisi za serikali zingefungwa. Alipozungumza na waandishi wa habari machozi yalimtoka. Siku tano baadaye, Juni 14, yeye na mumewe Mark waliuawa kwa risasi nyumbani kwao. Mpaka leo nikipita mitaa ile moyo unanishuka.

Sasa ulinganisho. Mgombea wa DFL mwaka huu, ukimuuliza, wengi watasema wangependa kuirudisha bima hiyo. Muulize fedha itatoka wapi, maana mwaka 2023 jimbo lilikuwa na ziada ya takriban dola bilioni 17.5 na sasa ziada ile haipo. Mgombea wa Republican atasema isirudi. Muulize naye mgonjwa wa sukari aliyekatiwa insulini ataishia wapi, na bili yake ataibeba nani. Kwangu mimi hili si la nadharia. Ninafahamu fundi wa paa, mtu wa makamo, ambaye kwa mwaka mmoja alipima sukari kila baada ya miezi mitatu kliniki. Sasa anapima kwa kifaa alichoazimwa.

Likizo yenye malipo: nani analipa, nani anapata

Tangu Januari 1, 2026 mfanyakazi wa Minnesota anaweza kupata hadi wiki 12 za malipo akiugua au akijifungua, na hadi wiki 12 za kumtunza mtoto mchanga au mgonjwa wa familia, zote kwa jumla zisizidi 20 kwa mwaka. Mwenye mshahara mdogo analipwa sehemu kubwa zaidi ya mshahara wake, hadi asilimia 90. Muswada ulipita Seneti mwaka 2023 kwa kura 34 dhidi ya 33. DFL wote ndiyo, Republican wote hapana.

Makato ni asilimia 0.88 ya mshahara, na mwajiri lazima alipe angalau nusu. Chukua slipu yako ya mshahara uangalie. Kama wiki mbili umeingiza dola 2,000, na mwajiri wako analipa nusu tu, wewe unakatwa dola 8.80. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji na kurudi kazini kuwainua wazee vitandani baada ya wiki tatu kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri (na dada zetu wengi wa kazi za uuguzi wamepitia hapo), hiyo dola nane ni kitu kidogo mno.

Lakini geuza upande. Tuseme wewe ndiye una nyumba ya uangalizi wa wazee au walemavu yenye wafanyakazi wanane, kila mmoja kwa dola 40,000 kwa mwaka. Nusu yako ni dola 1,408 kwa mwaka, ingawa wenye wafanyakazi 30 au pungufu wanaweza kulipa kiwango cha chini kama wastani wa mishahara yao haujapita kikomo kilichowekwa. Fedha hizo zinavumilika. Kinachouma ni zamu. Mfanyakazi mmoja kati ya wanane akienda likizo miezi mitatu, mteja hawezi kuachwa peke yake usiku, na mtu wa kushika nafasi hapatikani kirahisi. Hoja ya Republican inasimama hapo: wamejaribu kuiahirisha sheria hii, na wanataka waajiri wadogo wapunguziwe mzigo. Hali ni hiyo hiyo kwenye likizo ya ugonjwa iliyoanza Januari 2024, ambapo unapata saa moja kwa kila saa 30 ulizofanya kazi, hadi saa 48 kwa mwaka: DFL waliileta, Republican wakataka biashara ndogo na mashamba yaondolewe.

Maoni yangu ni kwamba sheria hii ni nzuri na ibaki. Ila mgombea wa DFL asiyeweza kumweleza mwenye biashara ndogo jinsi ya kuziba zamu hajajiandaa, na usione haya kumwambia hivyo.

Leseni ya udereva

Hapa mstari umenyooka. Kuanzia 2003 ulitakiwa kuonyesha karatasi za uhamiaji ili kupata leseni. Mwaka 2023 DFL waliondoa sharti hilo, Baraza likapitisha kwa 69 dhidi ya 60, na sheria ikaanza Oktoba 1 mwaka huo. Republican walipinga, wakisema usalama wa kitambulisho na wa daftari la wapiga kura uko hatarini. DFL wakajibu kwamba dereva aliyefanya mtihani na mwenye bima ya gari ni salama kwa wote barabarani. Leseni hiyo haimpi mtu haki ya kupiga kura. Na wewe mwenye kadi ya kijani (green card) unayesoma hapa, yaani mkazi halali asiye raia: usijiandikishe, usipige kura, hata karani akikusukumia fomu. Ni kosa la jinai, na linaweza kukufukuzisha nchini.

Shule na chakula cha watoto

Tangu 2023 kila mtoto wa shule ya umma anapata kifungua kinywa kimoja na chakula cha mchana kimoja bure, bila kuulizwa mzazi anaingiza kiasi gani. Seneti ilipitisha kwa 38 dhidi ya 26, na Republican wachache waliunga mkono, jambo la kukumbuka kabla hujawaweka wote kapu moja. Hoja ya waliopinga, ambayo haijafa: kwa nini mlipa kodi amnunulie chakula mtoto wa tajiri? Wamependekeza kikomo cha kipato. DFL wanajibu kwamba fomu za kipato ndizo zilizowafanya watoto wasile, wazazi wakiona aibu au wakishindwa kuzijaza. Kwa wazazi wa lugha yetu hoja hii ya fomu ni ya kweli kabisa.

Tofauti kubwa zaidi ya shule ni nyingine. Republican wengi wanaunga mkono fedha za jimbo zimfuate mtoto hata kwenye shule binafsi, ya kanisa au ya Kiislamu. DFL wanapinga, wakisema shule za umma zitakauka. Kama unalipa ada ya shule ya dini kila mwezi, hili linakugusa moja kwa moja. Kama mwanao yuko shule ya umma yenye darasa la Kiingereza kwa wageni, linakugusa vilevile, ila kwa upande wa pili.

Wizi wa fedha za umma, na sisi tulipo katikati

Septemba 2022 waendesha mashtaka wa serikali kuu waliwashtaki watu 47 katika kesi ya Feeding Our Future, wakisema dola milioni 250 zilizokusudiwa chakula cha watoto wakati wa korona ziliibwa. Mwanzilishi wa shirika hilo alipatikana na hatia Machi 2025. Baadaye macho yakageukia programu nyingine, na ule mpango wa kuwasaidia watu kupata na kudumu katika makazi ukafungwa 2025.

Wengi wa walioshtakiwa katika kesi ya chakula wana asili ya Afrika Mashariki. Matokeo yake tunayaona: mtu mwenye lafudhi yetu na leseni ya nyumba ya uangalizi anatazamwa kama mshukiwa kabla hajafungua mdomo. Ninaelewa hasira ya wenye nyumba za uangalizi waaminifu. Lakini hatuwezi kulisogeza suala hili kando kwa sababu linatuumiza. Fedha zile zilikuwa za wasiojiweza, na mama mwenye mtoto mlemavu aliyefungiwa huduma leo anajua nani aliyemharibia.

Republican wamelifanya hili hoja yao ya kwanza. Mwaka 2025 walianzisha kamati maalumu ya Baraza kuhusu wizi na usimamizi wa ofisi za serikali, wakawaita wakuu wa idara wajibu maswali hadharani. Wanataka malipo yasimamishwe mapema pale shaka inapoonekana. DFL walichelewa. Hilo nalisema wazi, kwa kuwa idara zilikuwa chini ya gavana wao miaka yote hiyo. Baadaye Seneti, inayoongozwa na DFL, ilipitisha mwaka 2025 muswada wa ofisi huru ya mkaguzi mkuu kwa kura 60 dhidi ya 7, maana yake vyama vyote viwili viliungana.

Swali la kumpima mgombea wa Republican hapa ni hili: ukisimamisha malipo, mtoa huduma asiye na kosa atasubiri siku ngapi kabla ya kusikilizwa, na mteja wake atalala wapi siku hizo? Swali la kumpima wa DFL: taja idara moja ambayo ungeidai maelezo mwenyewe, hata kama gavana ni wa chama chako.

Kodi, kwa kifupi

DFL wa 2023 walileta nafuu ya kodi ya hadi dola 1,750 kwa kila mtoto kwa familia za kipato kidogo, na inarudishwa hata kama hudaiwi kodi. Kwa nyumba ya watoto watano hesabu yake ni nzito. Hao hao waliongeza asilimia moja ya kodi ya mauzo katika kaunti saba za Minneapolis na St. Paul kuanzia Oktoba 2023, kwa ajili ya usafiri na makazi. Unga, mchele na nguo hazitozwi kodi hiyo hapa Minnesota. Simu, samani na matairi zinatozwa. Republican walipinga nyongeza hiyo, walitaka ziada irudishwe kwa walipa kodi, na wanataka pensheni ya uzeeni ya serikali kuu (Social Security) isitozwe kodi ya jimbo kabisa, wakati sheria ya 2023 iliwaondolea wengi lakini si wote.

Uhamiaji

Bunge la jimbo halitoi viza wala halimzuii afisa wa uhamiaji wa serikali kuu. Baada ya msako mkubwa wa Desemba 2025 na Januari 2026 watu wengi wananiuliza mgombea wa jimbo ana mkono gani. Mkono wake uko kwa polisi wa kaunti: washirikiane na ICE (maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu) au la, wamshikilie mtu zaidi ya muda wake au la, wapeane taarifa au la. DFL wengi wanataka sheria ya kupunguza ushirikiano huo. Republican wengi wanataka uwe wa lazima. Mgombea yeyote anayekuahidi zaidi ya hapo, awe wa kukutia moyo au wa kukutisha, anatoka nje ya kazi anayoiomba.

Yale ya dhamiri

Utoaji mimba: Januari 2023 DFL waliuandika katika sheria ya jimbo kama haki, Seneti ikigawanyika 34 kwa 33. Republican wanataka mipaka. Bunduki: DFL waliongeza ukaguzi wa wanunuzi na amri ya mahakama ya kumnyang'anya silaha mtu hatari. Baada ya watoto wawili kuuawa katika kanisa la Annunciation, Minneapolis, Agosti 27, 2025, walitaka silaha za kivita zipigwe marufuku, huku Republican wakisisitiza afya ya akili na ulinzi wa shule. Makanisani na misikitini kwetu wapo wanaoamua kura nzima kwa jambo moja la aina hii. Siwezi kumwambia mtu apunguze uzito wa dhamiri yake. Ninachomwomba ni asome na hayo mengine, ajue anachukua nini pamoja na lile analolipenda.

Ukiwa hivi, angalia huku

Kama unafanya kazi ya kuajiriwa kwa saa, una watoto shule ya umma, na ndani ya ukoo wako yupo asiye na karatasi, kura za 2023 ziliandikwa kama vile walikuwa wamekaa sebuleni kwako, na DFL wana hoja nzito kwako. Kama una biashara ndogo yenye wafanyakazi, unalipa ada ya shule ya dini, na umechoka kuona jina la jamii yako likichafuliwa na wezi, Republican wanakugusa mahali panapouma. Wengi wetu tuko kote kuwili: muuguzi usiku, mwenye nyumba ya uangalizi mchana. Hapo chama peke yake hakitoshi, inabidi umjue mtu.

Kumjua mtu kunawezekana. Wilaya moja ya Baraza ina watu takriban 42,000, na mgombea anatembea mlango kwa mlango. Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, alichaguliwa mwaka 2024 na wilaya ya 38A hapa Brooklyn Park, na aliwafikia watu kwa njia hizo hizo za milango na vikao. Kwamba amezaliwa kwetu Afrika kusikutoshe, hata hivyo. Naye msomee kura zake kama unavyomsomea mwingine.

Mchujo ni Agosti 11, na siku hiyo unapiga upande wa chama kimoja tu. Ukichanganya, sehemu hiyo ya kura yako inaharibika. Kura za mapema za Novemba zinaanza Septemba 18. Unaweza kujiandikisha siku ile ile kituoni kwa leseni yenye anwani yako ya sasa, na unaruhusiwa kuingia na mtu wa kukutafsiria, mradi asiwe mwajiri wako wala mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi.

Jirani yangu alichukua kalamu, akaandika maswali matatu nyuma ya kila kipeperushi: bima, zamu, na siku ngapi za kusubiri. Jumanne jioni mgombea mmoja alibisha hodi. La kwanza alilijibu palepale. La pili alijaribu. La tatu alisema angerudi na jibu. Mama yule akaandika tarehe pembeni ya swali, akakibandika kipeperushi kwenye friji.